Mama aliyeua akiwa na kichaa cha uzazi: swali la "alijua ni kosa?" linatosha?

Dada_Mkubwa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Kila inapotoka habari ya mama aliyemuua mwanawe, maoni huwa yaleyale: anyongwe, yule si mama, hata mnyama anamlinda mwanawe. Mimi pia nimeandika maneno ya namna hiyo, na si mara moja. Niliacha siku jambo lilipobisha hodi kwetu. Kwetu mtoto hakufa. Ila nikisema tulimwokoa nitakuwa nadanganya, kwa sababu mimi niliamka tu kwenda kunywa maji.

Mdogo wangu alijifungua salama, mtoto wa kwanza. Usiku wa nne hakulala, tukasema ni furaha. Usiku wa tano hakulala tena, na mchana wake alikuwa na nguvu kutushinda sote. Saa tisa usiku nilimkuta anafua nguo za mtoto ambazo zilikuwa safi. Anazianika, anazianua zikiwa bado zinachuruzika, anazirudisha kwenye beseni. Nikamwambia kapumzike, mtoto nitamshika mimi. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa atoe mkono wake akabidhi.

Siku ya saba akaninong'oneza: "Dada, huyu siye. Zitazame kucha zake. Wamenibadilishia." Nikacheka. Nikamwambia uchovu huo. Jioni ya siku hiyohiyo alikuwa mzima kabisa, anaongea na wageni, anawauliza hali za watoto wao. Kila mtu akaondoka akisema mzazi ana afya njema. Usiku ndipo nilipoamka nikamkuta bafuni, amekaa sakafuni, bomba linamwaga maji, mtoto kamlaza mapajani. Hakushtuka kuniona. Aliniambia kwa sauti ya kawaida, kama anayenieleza amepanga nini kesho: "Namrudisha kabla hawajaanza kumtesa."

Sasa nawauliza. Usiku ule ungemuuliza mdogo wangu kama kuua ni kosa, angekujibu ndiyo. Ungemuuliza kama polisi watakuja, angekujibu ndiyo. Kama sisi tutalia, ndiyo. Alijua yote hayo. Na bado aliamini kwa moyo wake wote kwamba anamuokoa mwanawe. Kwa sheria ya nchi nyingi, hizo "ndiyo" tatu zingetosha kumtia hatiani kwa mauaji ya kukusudia. Ndicho kilichonifanya nianze kusoma, na ndicho ninachotaka tukijadili: kujua ni nini hasa, na je, mtu anayejua sheria lakini haijui tena dunia aliyomo, anajua?

Wakili_Jioni

Pole sana dada, na asante kwa kuthubutu. Niweke msingi wa kisheria ili tusipigane bila kujua uwanja.

Kipimo cha wendawazimu kinachotumika katika nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza kilizaliwa mwaka 1843. Daniel M'Naghten alimpiga risasi Edward Drummond, katibu wa waziri mkuu Robert Peel, akiamini kwamba serikali inamwinda. Mahakama ikamwona ni mwendawazimu, watu wakachukia, na majaji wakatakiwa watoe kanuni. Wakasema: mshtakiwa aonyeshe kwamba kwa ugonjwa wa akili hakujua anachokifanya, au kama alijua, hakujua kwamba ni kosa. Hiyo ndiyo "alijua?" unayoilalamikia. Haina miaka mia mbili, lakini karibu.

Tatizo lake linaonekana wazi kabisa katika kesi ya Andrea Yates wa Houston, Texas. Tarehe 20 Juni 2001 aliwazamisha watoto wake watano kwenye beseni la kuogea, mdogo akiwa na miezi sita. Kisha akapiga simu polisi mwenyewe. Huyu hakuwa mtu aliyeamka siku moja akachanganyikiwa. Mwaka 1999, baada ya mtoto wa nne, alijaribu kujiua mara mbili na akalazwa, na daktari akaonya kwamba akizaa tena ugonjwa utarudi. Mtoto wa tano akazaliwa Novemba 2000. Machi 2001 baba yake mzazi akafariki, ugonjwa ukarudi, akalazwa, akatoka, akalazwa, akatoka. Dawa ya saikosisi, yaani ugonjwa wa akili unaomfanya mtu apoteze uhalisia, ilisimamishwa wiki chache kabla ya siku ile.

Alichokiamini ni hiki: kwamba yeye ni mama mbaya, watoto wake wanaharibika, na wakifa wakiwa wadogo wataingia mbinguni, wakikua wataangamia. Sasa angalia waendesha mashtaka walivyoujenga ushahidi. Alisubiri mume aende kazini, kwa hiyo alijua angezuiwa. Alipiga simu polisi, kwa hiyo alijua ni kosa. Mwaka 2002 jopo la wananchi wanaoamua kesi lilichukua chini ya saa nne kumtia hatiani, akapewa kifungo cha maisha. Kila dalili kwamba akili yake ilikuwa bado inapanga mambo iligeuzwa kuwa ushahidi kwamba akili yake ni nzima.

Hukumu hiyo ilitenguliwa mwaka 2005, na si kwa sababu mahakama ya rufaa ilielewa saikosisi. Ilitenguliwa kwa kuwa daktari shahidi wa mashtaka alisema kuna kipindi cha televisheni kilichorushwa muda mfupi kabla, cha mama aliyewazamisha watoto akaachiwa kwa wendawazimu. Kipindi hicho hakikuwahi kuwepo. Kesi ikasikilizwa upya, na Julai 2006 jopo jingine likasema hana hatia kwa sababu ya wendawazimu. Mama yuleyule, siku ileile, sheria ileile ya Texas. Majibu mawili tofauti.

Sauti_ya_Haki

Poleni na yaliyowakuta. Lakini naona uzi umeshaegemea upande mmoja. Watoto watano wamekufa, na humu tunahesabu dawa za mama. Marehemu hana wakili. Na mkifungua mlango huu, kila atakayemchoka mwanawe atasema nilichanganyikiwa. Baba akiua tunasema muuaji, mama akiua tunasema mgonjwa?

MkungaKwaMoyo

Sauti, swali lako ni halali na sitalikwepa, ila kwanza tutenganishe mambo. Nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka mingi, na kinachoniumiza ni kwamba watu hutia kila kitu kwenye kapu moja la "kuchanganyikiwa".

Kuna majonzi ya siku za mwanzo. Mzazi analia bila sababu siku ya tatu, ya nne, ya tano, kisha yanapita yenyewe ndani ya wiki mbili hivi. Yanawapata wazazi zaidi ya nusu. Si ugonjwa.

Kuna sonona baada ya kujifungua. Hii ni ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban 13% ya wanawake waliojifungua hupata tatizo la akili, hasa sonona, na katika nchi zinazoendelea ni karibu 20%. Huyu mama anazama, hana raha, anajiona hafai. Hatari yake kubwa ni kujidhuru mwenyewe.

Halafu kuna saikosisi ya baada ya kujifungua, ambayo wengi wanaiita kichaa cha uzazi. (Wengine huichanganya na kifafa cha mimba. Kifafa cha mimba ni shinikizo la damu na degedege, jambo jingine kabisa.) Saikosisi inampata mzazi mmoja au wawili katika kila uzazi 1,000. Inakuja ghafla, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza, na ina uhusiano wa karibu na ugonjwa wa bipola, ule wa hisia kupanda kupita kiasi kisha kuzama. Mlango wake ni usingizi. Simaanishi usingizi ulioibwa na mtoto anayelia. Namaanisha mama ambaye hata mtoto akilala, akachukuliwa, taa zikazimwa, yeye hawezi kulala na wala hahisi kuuhitaji. Kisha zinakuja imani za ajabu, sana sana kuhusu mtoto: kabadilishwa, ni mtakatifu, ana pepo, atateswa. Wengine husikia sauti zinazowaamuru.

Na kitu kimoja alichokieleza Dada_Mkubwa nataka kila mtu akisome mara mbili: ile jioni ya wageni. Ugonjwa huu unakuja na kuondoka ndani ya siku moja. Asubuhi haelewi yuko wapi, jioni anakukaribisha kiti. Ndugu wanasema amepona. Daktari anamwona saa ile ya utulivu anamrudisha nyumbani. Na mahakamani mashahidi wanasema kwa ukweli kabisa kwamba walimwona jana yake na alikuwa mzima.

Nimalizie na hili: wagonjwa walio wengi kabisa wa saikosisi hii hawamdhuru mtoto. Wanatibiwa, wanapona. Ni dharura ya hospitali, siku hiyohiyo.

Mgeni_wa_Usiku

Samahani kuingilia. Nina mtoto wa wiki sita. Nimejiunga kwa ajili ya uzi huu. Mimi nikishuka ngazi nikiwa nimembeba naona picha namwachia. Nikishika kisu jikoni naona picha mbaya. Sasa nashuka kwa makalio, na visu nimevificha. Sijamwambia mtu. Nimesoma hapa nimetetemeka. Je, mimi ndiye huyo mama?

MkungaKwaMoyo

Mwanangu, nakujibu wewe kabla ya yeyote. Unachokieleza kinawapata wazazi wengi sana, ni mawazo vamizi. Angalia tofauti yake. Wewe wazo linakutisha, unalikimbia, unaficha visu, unashuka kwa makalio ili mtoto awe salama. Mwenye saikosisi wazo halimtishi, linamwonekea ni la kweli na la lazima, na hafichi kisu, anaficha mpango. Mawazo vamizi peke yake hayamfanyi mtu amdhuru mwanawe.

Lakini usikae nayo peke yako. Yakizidi kiasi cha kukubadilishia maisha namna hiyo yana jina na yana tiba. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, na kesho umwone mhudumu wa afya umwambie maneno haya haya uliyoyaandika. Na ikitokea usiku mmoja wazo likaacha kukutisha, likaanza kukuonekea la busara, au usingizi ukakatika kabisa, usingoje kesho.

Mgeni_wa_Usiku

Asante mama. Nimemsomesha mume wangu huu ujumbe wako. Amekaa kimya, halafu amesema kumbe ndiyo maana ya visu.

Wakili_Jioni

Sasa nirudi kwa Sauti_ya_Haki, maana hoja ya mlango kufunguliwa ndiyo iliyowasumbua watunga sheria kwa muda mrefu.

Uingereza ilitunga sheria ya mauaji ya kichanga mwaka 1922. Kabla ya hapo mama alihukumiwa kunyongwa kama muuaji mwingine, hata pale ambapo kila mtu mahakamani alijua hatanyongwa. Sheria hiyo ikasema "mtoto aliyezaliwa karibuni", na mwaka 1927 mahakama ikakataa kwamba mtoto wa siku 35 anaingia humo. Ikabidi iandikwe upya mwaka 1938: mtoto wa chini ya miezi 12, mama ambaye uwiano wa akili yake ulivurugika kwa kuwa hajapona vizuri athari za uzazi au za kunyonyesha. Akipatikana na kosa hilo anaadhibiwa kama aliyeua bila kukusudia, na kwa vitendo Uingereza wengi hawafungwi, wanapelekwa kwenye matibabu na uangalizi. Maneno hayo yalisafiri hadi kwenye kanuni za adhabu za nchi nyingi. Kifungu cha 210 cha Kenya na cha 199 cha Tanzania vimejengwa juu yake karibu neno kwa neno. Kanada wana ya kwao, adhabu ya juu miaka mitano.

Nakiri sheria hii ina huruma, na nakiri vilevile kwamba imejengwa juu ya sayansi iliyokufa. Hakuna daktari leo atakayekuambia maziwa ya mama yanavuruga akili. Na ule mstari wa miezi 12 haujui ugonjwa. Mchukue Yates umweke mbele ya sheria ya 1938. Kwa mtoto wa miezi sita ni mauaji ya kichanga. Kwa wale wanne wakubwa, sheria hiyo haimfai kitu, atafute utetezi mwingine. Asubuhi moja, ugonjwa mmoja, imani moja, na sheria inamkata mama vipande viwili kwa kutazama vyeti vya kuzaliwa.

New Zealand walilitatua hilo kwa kupanua umri: sheria yao inafika hadi mtoto wa chini ya miaka 10. Na hapa ndipo ninapomjibu Sauti. Mlango huo mpana haukumpitisha kila mtu. Lauren Dickason, daktari, aliwaua binti zake watatu huko Timaru mwaka 2021. Alijitetea kwa wendawazimu na kwa mauaji ya kichanga. Wataalamu wa pande mbili walipingana mahakamani. Mwaka 2023 jopo likakataa utetezi wote, akatiwa hatiani kwa mauaji, na 2024 akapewa miaka 18, akianzia hospitali ya akili. Ukubaliane nayo au usikubaliane, haikuwa rahisi kusema "nilichanganyikiwa" na kwenda nyumbani.

Sauti_ya_Haki

Nimesoma yote, na ile ya Mgeni nimeirudia. Nakubali kuna ugonjwa. Bado nasema: si kila mama aliyeua ni mgonjwa, na uzi huu usiwafiche.

Dada_Mkubwa

Kaka, hapo tuko pamoja. Daktari Phillip Resnick, aliyezipanga kesi hizi kwa sababu zake mwaka 1969, alitaja makundi matano: anayeua akidhani anamuokoa mtoto na mateso, aliye ndani ya saikosisi kali, asiyemtaka mtoto, kipigo au mateso yaliyopitiliza, na kulipiza kisasi kwa mwenza. Mwaka uliofuata akatenga pia wanaoua ndani ya saa 24 za kuzaliwa. Hao mara nyingi ni wasichana waliomficha kila mtu mimba, wakajifungua peke yao kwa woga, na wengi hawana saikosisi. Mambo yao ni mengine, na yanahitaji uzi wao.

Wala simwombei msamaha anayempiga mtoto hadi kufa kwa hasira. Na kuhusu baba: baba mwenye saikosisi naye apimwe kwa ugonjwa wake, sina ubishi. Ila hakuna wakati mwingine wowote katika maisha ya binadamu ambapo hatari ya saikosisi inajulikana mapema kama wiki hizi za mwanzo, na bado tunampa mgonjwa huyo kichanga na kumwambia hongera.

Nataka mtu anionyeshe sheria inayouliza swali hili: kabla yake yeye, nani alijua? Mimi nilijua. Niliambiwa habari ya kucha nikacheka. Mdogo wangu angefika kizimbani, mimi ningeitwa shahidi, na ningesema kweli tupu kwamba jioni ile alikuwa mzima. Ushahidi wangu ungemfunga. Nafikiria hilo nikiwa nafua, nikiwa nimekaa tu.

Wakili_Jioni

Sheria inayouliza hivyo sijaiona, dada. Kilicho karibu nayo ni jimbo la Illinois huko Marekani, ambako tangu 2018 hakimu anaruhusiwa kupunguza adhabu kwa sababu ya ugonjwa wa akili wa baada ya kujifungua, hata kama haukufikia wendawazimu wa kisheria. Lakini hiyo ni baada ya hatia.

Na wanaodhani "hana hatia kwa wendawazimu" ni kuachiwa huru: Yates amekuwa chini ya ulinzi wa hospitali tangu 2006. Kila mwaka ana haki ya kuomba kesi yake ipitiwe ili atoke. Ameendelea kuisamehe haki hiyo.

Kaka_wa_Pembeni

Dada, umetuacha bafuni. Mdogo wako yuko wapi sasa?

Dada_Mkubwa

Nisamehe, nilidhani nimesema.

Usiku ule nilifunga bomba, nikamwomba mtoto nimpake mafuta, akanipa. Sijui ni kwa nini alinipa. Tulikwenda hospitali kabla hakujapambazuka. Wa kwanza kutupokea alisema ni uchovu wa uzazi, turudi nyumbani akapumzike. Mama yetu alikaa chini mlangoni akasema hatoki. Ndipo akaitwa mtaalamu wa akili. Dawa za saikosisi, kisha lithiamu, dawa ya kutuliza hisia. Wiki ya tatu akaanza kuuliza mtoto ananyonya nini. Wiki ya tano akakumbuka bafu. Hiyo ndiyo wiki iliyokuwa mbaya kuliko zote, kwa sababu akili ilipomrudia ndipo alipouona usiku ule kwa macho yake mwenyewe. Huwa nawaza akina mama ambao wao hawakuamkiwa na mtu wa kwenda kunywa maji, na siku yao ya kupona.

Mwaka jana alipata mimba ya pili. Tuliambiwa mapema kwamba aliyeugua mara ya kwanza yuko kwenye hatari kubwa ya kuugua tena, kwa hiyo safari hii mpango uliandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani: dawa zianze lini, nani anamshika mtoto usiku, namba ya nani ipigwe, na chini kabisa yeye mwenyewe aliandika kwa mkono wake, "Nikisema mtoto si wangu, msinicheke."

Usiku wa nne nilikaa kwenye kiti karibu na kitanda chake. Alilala saa sita mfululizo. Mtoto alipolia nilimchukua mimi, yeye akageuka upande wa pili, akaendelea kulala.